Kwa Umbali wa Shubiri

Lenzi ninayopigia picha za wadudu hainiruhusu kusimama mbali. Ili kiwavi ajae kwenye picha inabidi nimsogelee mpaka kati ya kioo na ngozi yake ibaki shubiri moja, mara nyingine pungufu, na kwa umbali huo yanaanza kuwa shida mambo ambayo mpiga picha wa harusi hana habari nayo. Pumzi inatikisa jani. Kivuli cha kichwa kinamfunika. Sehemu inayotoka bila ukungu haizidi milimita moja au mbili, kiasi kwamba ukilipata jicho umeukosa mguu, na ukiupata mguu jicho limeyeyuka. Nilipoanza nilidhani ufundi wote uko hapo, katika kubana pumzi na kukata vipande vya dumu jeupe la mafuta nifunikie taa ya kamera ili mwanga usimwagike kwa ukali. Ufundi huo upo, na bado sijaumaliza. Lakini polepole, bila mtu kunikalisha chini na kunieleza, nimeanza kushuku kwamba shubiri ile ni umbali wa kamera tu, na kwamba mimi mwenyewe naweza kuwa mbali sana na mdudu ninayekaribia kumgusa.

Wanaoziona picha zangu huanza na ukubwa. "Ala, kumbe Tanga hii kuna madude namna hii?" Na huyo anayeitwa dude angeweza kutembea juu ya ukucha wa kidole gumba na nafasi ikabaki. Zamani mshangao ule ulinipendeza, niliupokea kuwa sifa. Sasa unaniachia wasiwasi, maana mtu anaondoka akiwa amemwona mnyama ambaye hayupo: mkubwa, peke yake, nyuma yake giza tupu, hana jani alilokuwa akila wala sisimizi waliokuwa wakimsumbua. Udogo wake ndio maisha yake. Ndio unaofanya tone la mvua liwe msiba na mkunjo wa jani uwe hifadhi. Niliwahi kuweka sarafu ya shilingi mia pembeni ya mdudu ili watu wapime wenyewe, na picha ikawa ya pesa. Njia hiyo nimeiacha, na iliyo bora kuliko hiyo sijaipata.

Nadhani walioanza kunifundisha ni kaa, wale wadogo wa matopeni ambao dume lao lina gando moja kubwa kupita kiasi na jingine dogo la kulia chakula. Ukitoka Tanga mjini kwenda upande wa Mwambani, maji yakipwa, hasa siku za bamvua bahari inapokwenda mbali, matope ya mikokoni yanajaa hao, kila mmoja na tundu lake, madume wakipunga magando kuwaita majike. Ukitokea, wote wanazama, unabaki na matope yenye vitundu. Nilikuwa nikinyata, nasimama, nanyata tena, na kila nikifika nakuta vitundu. Baadaye nilikuja kusoma kwamba kaa hawa, ambao macho yao yamekaa juu ya vikonyo, huhesabu kuwa adui kile kinachojitokeza juu ya upeo wa macho yao. Kilicho chini ya hapo ni kaa mwenzao au jambo la kawaida. Kwa hiyo kunyata kwangu kote kulikuwa kazi bure. Kaa hakujali ninavyotembea, alijali urefu wangu. Dawa ni kulala kifudifudi na kungoja.

Kulala kifudifudi matopeni, kwa mwanamke wa umri wangu, si jambo la siri. Kina mama waliokuwa wanarudi na ndoo zao za kombe walinipita, wakasimama, na mmoja akauliza kwa upole wa kweli: "Dada, umedondosha hereni?" Nikamwambia napiga picha kaa. Akayatazama matope, akanitazama mimi. "Hao mbona hawaliwi," akasema, kwa sauti ya mtu anayesikitika kwamba sikupata wa kuniambia mapema. Wakaenda zao. Kaa walichukua muda kutoka, na walipotoka hawakuanza na walio karibu yangu. Walianza wa mbali, kisha wa kati, na wale wa mbele ya pua yangu wakawa wa mwisho, nusu nje nusu ndani. Nikaona jambo ambalo kwa kusimama nisingeliona: jike anachota matope kwa mikono miwili, kulia na kushoto, anayachambua mdomoni na kuyatema yakiwa vidonge vidogo, na dume aliye jirani yake anafanya kazi ileile kwa mkono mmoja, kwa sababu ule mwingine ni wa kupungia. Anakula kwa nusu ya vyombo. Picha niliyoipata ni ya kawaida, wapo waliopiga nzuri mara mia. Ila tangu siku hiyo nikiona picha ya dume limeinua gando, na karibu picha zote ndivyo zilivyo, najiuliza alikuwa amekula saa ngapi. Mimi pale ni mja leo tu, na maji yakianza kujaa nitaondoka, yeye ataziba tundu lake abaki.

Jambo lililonikaa zaidi lilitokea nyuma ya nyumba, wala si porini.

Muheza ni nchi ya machungwa, na mama mwenye nyumba niliyokuwa nimepanga alikuwa na kitalu cha miche ya michungwa uani, kwenye viriba vyeusi chini ya kivuli cha makuti. Asubuhi nilikuwa napita hapo nikienda kusaka wadudu. Kwenye majani ya juu ya mche mmoja palikuwa na kinyesi cha ndege, cheusi chenye doa jeupe katikati, bado kibichi. Nikapita. Mama mwenye kitalu, aliyekuwa anamwagilia, akakichukua kwa vidole viwili na kukibana. Kilikuwa kiwavi. Nilijisikia vibaya kidogo, si kwa ajili ya kiwavi. Nilikuwa na lenzi begani, na mama yule, ambaye miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, alikuwa ameona nisichokiona.

Akanionyesha. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu hupapatika juu ya majani machanga ya mchungwa akitaga yai mojamoja. Kiwavi akiwa mchanga hujifanya uchafu wa ndege. Akikua hugeuka kijani chenye mikanda ya kahawia, akalala juu ya jani asionekane. Ukimgusa anachomoa nyuma ya kichwa pembe mbili za rangi ya machungwa, laini, zenye maji, na harufu kali inayobaki vidoleni. Wataalamu wanamwita kipepeo huyo Papilio demodocus. Mama alimwita mdudu wa miche, na habari zake alikuwa nazo kuliko mimi: analipenda jani gani, mche ulio kivulini unaponaje, mvua za vuli zikianza uamke saa ngapi uwawahi.

"Mama, naomba uniachie wawili watatu niwapige picha," nikasema.

"Mwanangu, hii nauza. Akikua mmoja tu ananimalizia mche. Nitamuuzia nani vijiti?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina jibu zuri. Ni rahisi kumpenda kiwavi kama ada ya shule haitoki kwenye majani anayoyala. Lakini jioni nilikuta mche mmoja uliopinda shina umewekwa mlangoni pangu, na viwavi wawili juu yake. "Huo hauna mnunuzi," akasema kutoka jikoni. "Walishe wewe."

Nikawalisha, kama kulisha ni kukaa ukitazama. Mmoja alichukuliwa na nyigu nikiwa nimeingia ndani kunywa chai. Aliyebaki akavua ngozi, akaila ngozi yenyewe, akavua tena, akawa kijani, akaanza kula usiku na mchana mpaka mche ukabaki mishipa. Hapo nilielewa kwa macho maneno ya mama kuhusu vijiti. Kisha akaacha kula, akatangatanga, akapanda kwenye ufito wa uzio, akajifunga mkanda wa uzi mwembamba kiunoni na kuegemea nyuma, kichwa juu, akawa pupa. Nikaandaa kila kitu. Nilishaiona picha ile kabla haijapigwa: ganda linapasuka, kipepeo anatoka na mabawa yaliyojikunja, mwanga wa asubuhi kutoka kushoto.

Kipepeo hakutoka. Pupa lilibadilika rangi likawa na weusi usiopendeza, na asubuhi moja likawa na kitundu, na kwenye kitundu kikatokea kichwa, na nyuma yake kingine. Vijinyigu, vya urefu wa milimita mbili tatu, vinang'aa kijani cha chuma, vikawa vinatoka kimoja kimoja, vinapangusa vipapasio na kuruka. Mama yao alikuwa ametaga mayai ndani ya pupa likiwa bado laini, pengine siku ileile nilipokuwa nalipiga picha nikifurahia mkanda wa kiunoni. Nilikuwa shubiri moja tu. Sikumwona.

Nikamwita mama kwa sauti ya anayepeleka habari ya msiba. Akaja, akainama, akacheka mpaka akashika kiuno. "Hawa ni watu wangu! Hawa usiwafukuze. Ndiyo maana dawa siipulizi ovyo." Maganda yenye kitundu alikuwa ameyaona miaka mingi kwenye uzio ule, akayafikiria, akajua.

Lenzi ilikuwa imetegwa kwa ajili ya kipepeo, kwa hiyo picha nyingi za asubuhi ile ni vidoa. Imetoka moja: kijinyigu kimekaa ukingoni mwa kitundu, mguu mmoja bado ndani. Rafiki yangu mmoja anasema inatisha, angependa niiondoe kwenye simu. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama nyigu huyo ana hatia. Mama mwenye kitalu aliniomba nimsafishie, na kati ya picha zangu zote ni hiyo peke yake aliyowahi kuiomba. Mimi sijui niiite ya furaha au ya huzuni, na nimeacha kuharakisha kujua. Niligundua tu kwamba nilikuwa nimeshachagua nani awe mwenye hadithi kabla sijafika.

Kutoka Muheza kupanda Amani ni zaidi ya kilomita 30, na ukifika juu hewa inageuka, ukungu unatambaa kati ya mashamba ya chai na msitu. Ni mahali pazuri mno kwa mtu anayependa vitu vidogo, na ni mahali pa kumpunguzia kiburi, kwa sababu wamekuja wengi kabla yake. Wajerumani walianzisha hapo taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Tangu 1997 ni hifadhi ya mazingira asilia. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni aliyekuwa Tanga, alipeleka kwao kijiua kidogo cha rangi ya zambarau kinachoota kwenye miamba ya kivulini, na leo kimejaa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, kikinunuliwa na watu ambao milima hii ya Usambara hawajawahi kuisikia. Katika miaka ya 1920 Arthur Loveridge, aliyefanya kazi na jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Harvard, aliokota hapo Amani vyura na mijusi kwa wingi, na mwaka 1928 yeye na Thomas Barbour wakatangaza chura mdogo waliyempa jina Parhoplophryne usambarica. Chura huyo ulimwengu unamjua kwa kielelezo kimoja tu, kilichotiwa kwenye chupa.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza niliwalaumu haraka haraka, nikajiona bora. Mimi siui, nabofya tu. Siku hizi lawama yangu imepungua makali. Bila chupa ile tusingejua hata kwamba kuna chura wa kumtafuta. Picha yangu ingeweza kumpita mtaalamu asimtambue, maana kinachomtofautisha kinaweza kuwa mfupa. Na kamera nayo inachukua, ingawa haijazi chupa. Inachukua usingizi, kwa mfano.

Hilo nilionyeshwa usiku. Mwongozaji wangu, mtu wa kijiji cha hapo juu, alinitembeza baada ya magharibi na tochi moja, taratibu, akiangaza magugu ya kando ya njia usawa wa magoti. Mchana vinyonga wadogo wa chini wanafanana na jani kavu na utawakanyaga usijue. Usiku wanapanda kidogo, wanalala kwenye ncha ya jani au kijiti, ili nyoka akija mtikisiko uwaamshe, na wakilala rangi yao hupauka. Kwa hiyo tochi ikipita wanaonekana weupe gizani. Yeye aliwaona wanne mimi sijamwona hata mmoja. Wa kwanza alikuwa mfupi kuliko kidole changu cha shahada, mkia umekunjwa, macho yamefungwa, mikono imeshika ukingo wa jani la jimbi kwa vidole vilivyogawanyika makundi mawili. Utotoni niliambiwa kinyonga ana sumu, na mwongozaji naye aliambiwa hivyohivyo. Wenzetu walikuwa wakiwapiga mawe. Kinyonga mwenye sumu hayupo.

Nilipiga picha mara kadhaa, nikarekebisha taa, nikataka kuendelea. "Dada, basi," akasema. "Huyu akiamka sasa ataachia jani aanguke, na usiku huu hana pa kupanda tena bila kuliwa." Hakusema kwa ukali. Picha niliyonayo jicho halikutoka sawasawa, kilichotoka ni mkono.

Tukiwa tunarudi akaniambia kwamba yeye kabla ya kuongoza wageni alikuwa mfugaji wa vipepeo. Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania lilianzisha mradi huo Amani mwanzoni mwa miaka ya 2000: wanakijiji walikuwa wakipanda miti ambayo kila aina ya kipepeo hutagia, wakilea viwavi, na mapupa yakisafirishwa kwenda kwenye nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. Msitu uliposimama, mbegu ya vipepeo ilipatikana, fedha ziliingia. Kisha mwaka 2016 Serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wakiwamo. Mwaka huohuo, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, uliofanyika Johannesburg, hawa vinyonga wadogo waliingizwa kwenye orodha ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa inadhibitiwa, kwa sababu walikuwa wanachukuliwa na kuuzwa kwa wafugaji wa ng'ambo. "Kinyonga kapata mlinzi," akasema, "mimi nikapoteza mifugo." Akacheka, nami sikujua kama nicheke.

Maneno yake yanazidisha ugumu wa jambo nililodhani nimelimaliza. Baada ya kuweka hadharani picha ya kinyonga mmoja, mtu wa mbali aliniandikia kwa adabu akitaka kujua ni njia gani hasa, karibu na kijito gani. Nikamjibu: wilaya ya Muheza. Akajibu kwamba jibu hilo halimfai kwa utafiti. Huenda kweli ni mtafiti. Huenda anataka kujua kinyonga yuko wapi ili mtu akamwokote. Mtafiti aliyenyimwa habari ana haki ya kunung'unika, na mwizi aliyenyimwa angenung'unika kwa maneno yaleyale.

Nilipomsimulia mwongozaji kwa simu, nikitarajia anipongeze, alikaa kimya kidogo. "Sasa dada, mkificha kila kitu nyie mliokwisha kuona, nani atapanda huku kunitafuta mimi?" Nikamweleza habari ya wezi wa vinyonga. Anawajua kuliko mimi. Aliwahi kuwakatalia kuwaongoza. Alichotaka ni kwamba nisitaje njia, nimtaje yeye. Tulibishana mpaka salio likaisha. Chini ya picha ile sasa nimeandika jina la hifadhi, na kwamba atakayefika achukue mwongozaji wa palepale kijijini. Anasema haitoshi, niongeze namba yake ya simu, na wiki hii amenitumia ujumbe wa kunikumbusha.